Kemia Iliyomo Katika Ulimi Wetu

Hebu tupia jicho jikoni kabla ya magharibi. Kuna chumvi, sukari, majani ya chai ya hapa Bomet, majivu mekoni, na pengine magadi ya kulainishia maharagwe. Vyote ni maada. Lakini mbona chumvi huyeyuka majini na jivu halimaliziki? Mbona sufuria haiungui ilhali kuni zinaungua?

Vijana wetu wengi wakifika sekondari huikimbia kemia, eti ni somo la Kizungu. Basi tumtazame mtu mmoja.

Abu Bakr Muhammad ibn Zakariya al-Razi alizaliwa mwaka 251 Hijria (865 Miladia) mjini Rayy, karibu na Tehran ya leo. Alikuwa tabibu, akasimamia hospitali ya mji wake na ya Baghdad. Wengi wa zama zake waliandika elimu hii kwa mafumbo. Yeye, katika Kitab al-Asrar, alieleza wazi: vitu vyenyewe, vyombo vya kazi, na namna ya kufanya. Alivigawa vitu kuwa vya madini, vya mimea na vya wanyama, akaongeza vile vinavyotengenezwa kutokana na hivyo. Madini nayo akayapanga mafungu 6: roho, miili, mawe, zaji (jamaa za mrututu), buraki na chumvi.

Hakimu wake alikuwa moto. Kinachoruka kikawa mvuke kikipashwa moto, kama zebaki na salfa, alikiita roho. Kinachoyeyuka na kufulika kwa nyundo, kama dhahabu, fedha, shaba na chuma, alikiita mwili. Yaani kitu hujulikana kwa tabia yake, si kwa sura yake.

Sasa sikiliza ulimi wako. Zebaki ni zi'baq, fedha ni fidda, risasi ni rasas. Kiberiti ni kibrit, na kwa al-Razi hiyo ndiyo salfa yenyewe. Sisi tukaziita hivyo njiti za kuwashia moto. Hata neno maada ni la Kiarabu.

Katika fungu la chumvi aliweka al-qali, inayopatikana kwenye majivu ya mimea. Ndiyo asili ya neno alkali. Majirani zetu Waluhya hadi leo huchuja maji kwenye majivu wakayatia kwenye mboga ziive laini. Na magadi yachimbwayo Ziwa Magadi, ambako kampuni ya soda ilianzishwa mwaka 1911, ni alkali pia.

Lakini tuwe wakweli. Al-Razi aliamini kwamba madini duni yanaweza kugeuzwa dhahabu. Ibn Sina, aliyekuja baada yake, alilikataa jambo hilo. Mafungu yake nayo yamepitwa. Mwaka 1789 Mfaransa Lavoisier alitoa orodha ya elementi 33. Mwaka 1869 Mrusi Mendeleev akazipanga kwenye jedwali. Leo zimefika 118, nasi twagawa maada kuwa elementi, kampaundi na mchanganyiko.

Mgawanyo huo uko kikombeni mwako. Chai ni mchanganyiko. Maji yake ni kampaundi ya haidrojeni na oksijeni. Oksijeni ni elementi. Na kwenye viwanda kama Mogogosiek na Kapkoros, jani likinyauka hasa hupoteza maji. Likishasagwa na kuachwa hewani, oksijeni huligeuza rangi na ladha, na hapo halirudi tena kuwa bichi. Moja hasa ni badiliko la umbo, la pili ni badiliko la kitu chenyewe.

Ndugu yangu, kujisifu kwa al-Razi bila kufungua kitabu ni sawa na kusifia futari ya jirani na tumbo lako tupu. Wewe dada, wewe kaka, shule zikifunguliwa usiliache somo hili. Nusu ya msamiati wake unao tayari; umebakiwa na kazi tu.