Kabla ya umeme, kulikuwa na ormilo

Hapa Nakuru kichwa cha mbuzi wengi wetu tunakijua kama supu tu. Supu ni tamu, sikatai. Lakini ndani ya hicho kichwa kuna historia ambayo shuleni hatukuambiwa.

Vitabu vinaanzia Berlin, mwaka 1870. Fritsch na Hitzig walifungua fuvu la mbwa, wakagusa ubongo kwa umeme kidogo, na mguu wa upande wa pili ukaruka. Ndio hapo mbio za kuchora ramani ya ubongo zikaanza. Zamu ya kondoo ikafika: mwaka 1922, Charles Bagley wa Marekani alichapisha utafiti kuhusu sehemu ya ubongo wake inayosukuma mwili. Na cheki hii: kwa kondoo, nyuzi za kutoka sehemu hiyo huishia huku shingoni. Miguu ya nyuma inategemea zaidi ubongo wa chini na uti wa mgongo.

Sasa rudi Rift Valley. Wamaasai walichunga Naivasha na Nakuru hadi mkataba wa 1904 ulipowahamisha kupisha masetla. Lugha yao ina jina la mnyama anayezunguka-zunguka: ormilo. Chanzo kimoja ni tegu wa mbwa. Mayai yanaanguka kwenye nyasi, kondoo anayala, halafu kifuko cha maji kinakua ubongoni. Kikiwa upande mmoja, mara nyingi mnyama huzunguka kuelekea upande huo, na jicho la upande wa pili hupofuka. Kikiwa ubongo wa nyuma, anayumba kama mlevi.

Si ni ramani hiyo? Daktari wa mifugo hadi leo huanza kwa kutazama mwendo, kama mchungaji tu. Umeme ulionyesha mengi ambayo jicho haliwezi, hiyo nakubali. Lakini kuangalia mnyama siku baada ya siku, ukaona mpangilio na kuupa jina, hiyo pia ni sayansi. Tukianza hadithi Berlin peke yake, tunafuta watu wetu wenyewe.

Na ugonjwa bado uko. Ukichinja nyumbani, usimtupie mbwa kichwa kibichi. Kizike au ukichome, na mbwa apewe dawa ya minyoo. Wazee walisoma mwendo wa mnyama. Sisi tuna dawa, na hatuna kisingizio.