Nyekundu ya Mdudu: Kemia na Vitambaa vya Kale vya Nchi Takatifu

Katika maagizo ya ujenzi wa Hema la Kukutania, Kitabu cha Kutoka kinataja tena na tena nyuzi za buluu, za zambarau na nyekundu. Tafsiri zetu za Kiswahili husema “nyekundu” tu, na hapo jambo moja hupotea. Kiebrania husema tola'at shani, na tola'at maana yake ni funza au mdudu: rangi ilitajwa pamoja na kiumbe kilichoitoa. Neno hilo ndilo analolitumia pia mwenye Zaburi ya 22 anapojiita mdudu katika unyonge wake.

Mdudu anayehusika, Kermes vermilio kwa jina la kisayansi, ni wa kundi la vidugamba. Jike hujishikiza kwenye tawi la mwaloni mfupi wa nchi za Mediteranea, hahami tena, naye huvimba mpaka akafanana na njegere. Wagiriki walimdhania kuwa punje, wakamwita kokkos. Kutoka neno hilo kilipatikana kivumishi kokkinos, ambacho Mathayo (27:28) anakitumia kwa joho ambalo askari walimvika Bwana wetu ili kumdhihaki. Marko na Yohane wao husema zambarau. Waarabu walimwita mdudu huyo qirmiz.

Majike yalikusanywa kabla mayai hayajaanguliwa, yakakaushwa na kupondwa. Sufu iliandaliwa kwa shabu, kwa kuwa alumini iliyomo ndani yake huzifunga molekuli za rangi kwenye uzi. Pasipo shabu, rangi huchujuka upesi.

Jicho peke yake haliwezi kujua nyekundu ya kitambaa cha kale ilitoka wapi. Mizizi ya mmea wa Rubia tinctorum nayo hutoa nyekundu, tena kwa gharama ndogo zaidi, na ndiyo iliyotumika kwa wingi zamani. Ndiyo maana wanakemia huchukua kipande kidogo sana cha uzi na kukiloweka katika myeyusho wenye asidi, uliopashwa moto, ili kifungo cha alumini kikatike na rangi itoke. Hapo panahitajika busara, kwani asidi kali huharibu baadhi ya rangi za mimea, na kipande kilichopimwa hakirudi. Kisha kimiminika husukumwa kwa shinikizo kubwa kupitia mrija mwembamba uliojazwa chembechembe. Kila kiambata hutoka kwa wakati wake, na kifaa hupima namna kinavyofyonza mwanga. Kipimo hicho huitwa kromatografia ya kimiminika. Alizarini huashiria mmea. Asidi ya kermesi huashiria mdudu wa mwaloni. Asidi ya kamini huashiria vidugamba wengine, wakiwemo wale wa Armenia na wa Meksiko.

Mwaka 2024 watafiti wa Israeli walitangaza matokeo ya kipimo hicho kwa kitambaa kilichopatikana mwaka 2016 katika Pango la Mafuvu, Jangwa la Yudea. Kipande hicho hakifiki sentimita 1.5: nyuzi nyekundu za sufu zilizofumwa pamoja na nyuzi za kitani. Kipimo cha kaboni kilikipa umri wa kati ya miaka 1954 na 1767 K.K., na rangi ilikuwa ya Kermes vermilio. Mdudu huyo hukusanywa Hispania, Ufaransa na sehemu nyingine za Mediteranea, hivyo watafiti wanaona hapo dalili ya biashara ya mbali.

Wako watakaosema kuwa ugunduzi huu “umeithibitisha Biblia”. Hiyo ni haraka isiyo ya lazima. Kitambaa hiki ni cha kale kuliko Musa, na hakuna anayejua aliyekivaa. Kinachoonekana ni kwamba rangi ya gharama kama ile iliyoagizwa kwa ajili ya Hema ilikuwa tayari ikijulikana katika nchi hiyo. Sufu na kitani kufumwa pamoja, jambo ambalo Kumbukumbu la Torati (22:11) linawakataza Waisraeli, ni ukumbusho mwingine kwamba wafumaji hao waliishi kabla ya Sheria.

Rangi hiyo iliingia pia katika historia ya Kanisa. Baada ya Konstantinopoli kuanguka mwaka 1453, zambarau ya konokono wa baharini ikawa haipatikani tena. Mwaka 1464 Papa Paulo II akaelekeza kwamba mavazi ya makardinali yatiwe rangi ya kermesi. Karne iliyofuata meli za Hispania zilianza kuleta kidugamba wa Meksiko, mwenye rangi nyingi zaidi kwa uzito uleule, na yule wa mwaloni akasahaulika polepole. Tofauti hiyo huwafaa leo watunzaji wa hazina za makanisa ya Ulaya. Asidi ya kamini ikionekana katika kasula, na viambata vidogo vinavyoandamana nayo vikaelekeza Meksiko, basi uzi huo haukutiwa rangi kabla ya karne ya 16, hata kama mapokeo ya mahali hapo yanaihesabu kasula hiyo kuwa ya mtakatifu wa karne ya 12.