Kayaba: Ua Uliochora Ramani

Ukitaja Kayaba, Wanairobi wengi watawaza Mukuru Kayaba, mtaa wa mabanda ulio karibu na South B. Lakini kabla ya kuwa mtaa, kayaba ni mmea. Ni ule ua wa kijani kibichi unaouona kando ya mashamba ya Kiambu na Nyeri, na kwenye nyumba chache za zamani jijini ambazo bado hazijajenga ukuta wa mawe. Miiba yake ni mirefu kama kidole na migumu kama msumari. Wee jaribu kupenya uone.

Jina lenyewe limesafiri. Mmea huu asili yake ni kusini mwa Afrika, kunako mto uitwao Kei. Waingereza waliliita tunda lake "Kei apple", tofaa la Kei, ingawa ukiling'ata unakunja uso kwa uchachu. Kwa Wakikuyu jina likawa kaiyaba, na mjini likawa kayaba. Walowezi na wenyeji waliupenda kwa sababu unastahimili ukame, haupukutishi majani, na kadiri unavyoukata ndivyo unavyozidi kufungamana.

Si kwamba ua wa miiba ulikuwa kitu kigeni hapa. Wamaasai walizungushia boma zao matawi ya migunga tangu zamani, ng'ombe wakabaki ndani na simba nje. Lakini hayo ni matawi yaliyokatwa. Watu wakihama, ua unabaki nyuma na kuoza. Ulikuwa wa kulinda watu na mifugo. Kayaba ina mizizi. Anayeipanda anawaambia majirani: hapa ni pangu, na sihami.

Mwaka 1954, katikati ya Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ilileta Mpango wa Swynnerton. Vipande vya ardhi vilivyotawanyika, kimoja huku mlimani, kingine kule bondeni, vilikusanywa ili kila mwenye ardhi apate shamba moja na hatimiliki yake. Sikiliza wakati wenyewe sasa. Miaka hiyo hiyo, watu zaidi ya milioni 1 wa Mkoa wa Kati walihamishwa kwa nguvu hadi vijiji vilivyozungushiwa seng'enge na mahandaki yenye vijiti vilivyochongwa. Maelfu kwa maelfu ya wengine walikuwa kizuizini. Mipaka ikapimwa wakati wengi hawapo kujitetea.

Halafu kukawa na tatizo la kazi yenyewe. Kupima kila shamba kitaalamu kungechukua miaka mingi na pesa nyingi. Basi wenye mashamba wakaagizwa wapande ua kwenye mipaka. Ua ukishakua na kuonekana kutoka angani, ndege ingepita ikipiga picha, na wachora ramani wangefuata mistari ile ya kijani. Yaani mkulima na jembe lake ndiye aliyechora mstari, na afisa akaunakili.

Sheria ya ardhi ya 1963 iliukubali mfumo huo: ramani ya msajili huonyesha mpaka kwa kukadiria tu. Sheria ya 2012 inasema vivyo hivyo, na ni kosa kuharibu alama ya mpaka. Kwa hiyo kaka yako aking'oa kayaba ya babu ili ajenge ukuta, anaweza kuwa anang'oa ushahidi. Na aliyerudi kutoka kizuizini akakuta miche imeshapandwa ndani ya shamba lake, alikuwa na kesi dhidi ya mti unaokua kila siku.

Wahenga walisema kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Walikuwa wakimsema anayeukwea, lakini hata anayeutia ardhini yumo humo. Ua huchukua miaka michache kukua. Kuuondoa kumewashinda watoto na wajukuu, ambao bado wako kortini wakigombania hatua mbili za udongo.

Rudi sasa Mukuru. Ni mtaa wenye jina la ua unaotangaza kwamba ardhi ina mwenyewe, na wengi wanaolala humo hawana hatimiliki. Tingatinga likija alfajiri, hakuna mwiba wa kulizuia.