Ukoo wa jeni

Gome la mti wa muthiga huwasha ulimi. Mutuini na kwingineko Dagoretti, watu hulitafuna jino linapouma au hulichemsha kifua kinapobana. Mwaka 1976, wanakemia Isao Kubo, Koji Nakanishi na wenzao walieleza misombo ya miti ya jenasi ya muthiga, Warburgia, inayowafanya viwavi jeshi wakatae kula. Mmojawapo ni warburganali.

Mti unajuaje lini utengeneze misombo hiyo, na kwa wingi gani? Jibu limo katika makundi ya jeni zinazofanana, ambayo wengi huyaita familia za jeni. Mimi nashikilia ukoo wa jeni. Familia ina kazi tayari katika uainishaji: muthiga umo katika familia ya Canellaceae. Tena, kwetu familia ni baba, mama na watoto, ilhali jeni hizi zinaunganishwa na asili moja tu. Jeni ya kale ilijinakili. Nakala moja ikabaki na kazi ya zamani, nyingine ikabadilika taratibu hadi ikapata kazi mpya. Mbari za Wakikuyu hujihesabu vivyo hivyo, kutoka kwa mwanzilishi mmoja, kila tawi na shamba lake.

Ziko koo za watendaji. Vimeng'enya vya ukoo wa sintasi za terpeni huunda kiunzi cha msombo, kisha vile vya ukoo wa P450 mara nyingi huongeza oksijeni. Juu yao wapo wasimamizi, koo kama MYB na WRKY, na hapa ndipo penye utamu. Protini ya msimamizi hujishika kwenye DNA iliyo mbele ya jeni tendaji na kuiamsha. Katika artemisia, mmea wa dawa ya malaria unaolimwa pia Kenya, AaWRKY1 huamsha jeni ya kimeng'enya kinachoanzisha safari ya kuunda dawa hiyo, artemisinini. Mdudu akiuma jani, homoni ya jasmonati hupanda na kuwachochea baadhi ya wasimamizi. Hiyo ni sababu mojawapo ya mimea ya aina moja kutofautiana nguvu.

Turudi kwa muthiga: anayechubua gome kuzunguka shina lote huua mti. Majani ya muthiga nayo ni makali. Tukijua ni wasimamizi gani walio macho ndani ya jani, na katika miche ipi, vitalu vitachagua miche ya kuvunwa majani, na shina liachwe na gome lake.