Mtoto wa Jicho: Toka Sindano Hadi Lenzi

Leo tutasoma habari za mtoto wa jicho.

Nyuma ya mboni ya jicho mna lenzi. Lenzi ni kitu kidogo kiangavu, na mwanga hupita humo ndipo tukaona. Mtu akizeeka, huenda lenzi yake ikaingia ukungu. Ukungu huo ndio mtoto wa jicho. Hauumi, lakini huweza kumpofusha mtu.

Hapo kale, huko Bara Hindi, waganga walichoma jicho kwa sindano, wakaisukuma lenzi chini ili mwanga upate njia. Ufundi huo ulienea nchi nyingi. Karibu na mwaka 1000, tabibu Ammar wa Mosul, aliyefanya kazi Misri, aliandika jinsi ya kuufyonza ukungu kwa sindano yenye tundu. Lakini macho mengi yaliharibika kwa kuchomwa.

Mwaka 1747 daktari Jacques Daviel wa Ufaransa alipasua jicho, akaitoa lenzi nje. Hatua kubwa! Hata hivyo, jicho lisilo na lenzi halioni sawasawa. Ikambidi mgonjwa avae miwani yenye vioo vinene.

Je, nani aliyeondoa shida hiyo? Ni Bwana Harold Ridley, daktari wa London. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia aliwatazama marubani walioingiwa machoni na vipande vya plastiki ya madirisha ya ndege. Akaona kwamba macho yaliivumilia plastiki ile. Inasimuliwa kuwa baadaye mwanafunzi wake alimwuliza: mbona unatoa lenzi mbovu, huweki nyingine? Mwaka 1949 Ridley akamwekea mwanamke mmoja lenzi ya plastiki. Madaktari wengi walimpinga kwa miaka mingi. Leo wanafanya kama yeye. Mgonjwa hutiwa dawa ya ganzi, na mara nyingi hurudi nyumbani siku ile ile. Ridley mwenyewe, alipozeeka, aliwekewa lenzi machoni.

Basi, ndugu, mzee wako akianza kupapasa ukuta, usiseme, "Ni uzee tu." Wala usimpeleke kwa mchoma sindano. Mpeleke hospitali, daktari ampime. Huenda akawaona tena wajukuu wake.

Maswali
1. Mtoto wa jicho ni nini?
2. Daviel alifanya nini mwaka 1747?
3. Ridley alijifunza nini kwa marubani?