Unyevuanga: Maji Yasiyoonekana na Pepo Zinazoyabeba

Mkulima wa Chekalini, huko Lugari katika kaunti ya Kakamega, analijua neno unyevu kwa tarakimu. Mahindi yakishavunwa mwishoni mwa mwaka na kuanikwa juu ya turubai, hupimwa kwa mita kabla ya kupelekwa ghalani, kwa kuwa Bodi ya Kitaifa ya Nafaka na Mazao hutaka unyevu usiozidi asilimia 13.5. Ukizidi hapo, nafaka huota kuvu na kuzalisha sumukuvu. Jioni, mkulima huyohuyo anafungua redio na kusikia kwamba unyevunyevu unaingia kutoka bonde la Kongo na mvua itanyesha magharibi mwa Kenya. Huo ni unyevu mwingine kabisa. Haumo ndani ya punje wala udongoni, na mita yake haiwezi kuufikia. Istilahi yake ni unyevuanga.

Unyevuanga ni kiasi cha mvuke wa maji uliomo hewani. Mvuke huo ni gesi, hauonekani kwa macho. Wingu, ukungu na umande si unyevuanga. Hivyo ni mvuke uliokwisha kugeuka matone au chembe za barafu. Unyevunyevu ni neno la zamani na zuri, lakini hueleza hali ya kitu kilicholowa kidogo, kama nguo ambayo haijakauka vizuri au ukuta wa nyumba wakati wa masika. Hewa haijalowa, imebeba gesi. Ndiyo maana unyevu na anga vimeunganishwa kuwa neno moja lisilomchanganya msomaji.

Unyevuanga hutajwa hasa kwa njia mbili. Unyevuanga halisi ni uzito wa mvuke uliomo katika ujazo fulani wa hewa. Unyevuanga linganifu ni ulinganisho wa mvuke uliopo na ule ambao ungehitajika ili hewa ishibe katika halijoto hiyo, na hutajwa kwa asilimia. Tofauti hii ina uzito mkubwa tukipanda juu. Kilomita 9 juu ya Afrika Mashariki baridi hufika karibu nyuzi 25 chini ya sifuri, na mvuke kidogo sana hutosha kuishibisha hewa. Unyevuanga linganifu wa huko unaweza kuwa asilimia 80 ilhali maji yenyewe ni machache mno kuliko yaliyomo katika hewa kavu ya mchana hapa chini. Hata hivyo, mvuke huo mchache huzuia joto la dunia lisitoroke kwenda anga za mbali, kwa hiyo wataalamu wa tabianchi huufuatilia kwa makini.

Gesi isiyoonekana hutazamwaje kutoka mbali? Dunia na hewa yake hutoa mionzi ya infraredi mchana na usiku. Mvuke wa maji hunyonya sana mionzi yenye mawimbi ya maikromita 6 hadi 7, kisha huitoa upya kwa nguvu inayotegemea halijoto yake. Meteosat ya kwanza, setilaiti ya Shirika la Anga za Juu la Ulaya iliyorushwa Novemba 1977, ilibeba chombo cha kupima mionzi hiyo kutoka kilomita 36,000 hivi juu ya ikweta. Kizazi cha pili, kilichoanza mwaka 2002, kilikuja na mikanda miwili ya mvuke. Ule wa maikromita 6.2 husoma zaidi tabaka la kilomita 8 au 9, na ule wa 7.3 husoma chini yake, kwenye kilomita 5 au 6. Picha hupigwa kila dakika 15. Tangu 2022, Meteosat-9 ya kizazi hicho huitazama Bahari ya Hindi na Afrika Mashariki kutoka longitudo ya 45.5 mashariki.

Katika picha ya mvuke, sehemu nyeupe ni baridi, nyeusi ni yenye joto. Pale tabaka la juu lilipojaa mvuke, mionzi ya chini huzuiwa, na setilaiti hupokea ile ya juu kwenye baridi. Pale lilipo kavu, huona chini zaidi, kwenye joto. Hapo ndipo wengi hukosea. Weupe juu ya Lugari hauahidi mvua, na weusi hauthibitishi kwamba hewa ya shambani imekauka. Picha hiyo haisemi lolote kuhusu turubai la mahindi; inazungumzia kilomita nyingi juu yake.

Kutokana na picha hizohizo hupatikana upepo. Ukitaka kujua kasi ya Mto Kipkaren, tupa jani majini na upime muda linaochukua kufika mbele. Kompyuta hufanya vivyo hivyo: hutafuta wingu au umbo la mvuke katika picha moja, hulitafuta tena katika inayofuata, kisha huhesabu umbali na mwelekeo. Kazi hii ilianza na mawingu, baada ya setilaiti ya Marekani ATS-1 kurushwa Desemba 1966 ikiwa na kamera iliyobuniwa na mtaalamu wa hali ya hewa Verner Suomi na mwenzake wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Robert Parent. Lakini mawingu pekee hayatoshi, kwani pasipo na wingu hapana cha kufuatilia. Mvuke huziba pengo hilo, maana maumbo yake huonekana hata anga linapokuwa safi. Matokeo huitwa vekta za mwendo wa hewa, yaani kasi pamoja na mwelekeo. Ugumu mkubwa umo katika kimo. Kimo hukisiwa kutokana na halijoto, na kosa la kimo huweka upepo sahihi katika tabaka lisilo lake.

Je, pepo hizi za juu zinaweza kupimwa kwa njia nyingine? Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya hurusha maputo yenye vipima-hali kutoka Dagoretti, Nairobi, lakini vituo vya maputo barani Afrika ni vichache na baharini karibu havipo kabisa. Aeolus, setilaiti ya Ulaya iliyorushwa Agosti 2018 na kumaliza kazi 2023, ilikuwa ya kwanza kupima kwa leza upepo wa tabaka baada ya tabaka. Kwa kazi ya kila siku, bado tunategemea sana mawingu na mvuke.

Kiswahili kina majina mazuri ya upepo, kama kusi, kaskazi na matlai, lakini yote ni ya pepo za chini, walizozijua mabaharia. Kati ya Juni na Agosti, kusi inapovuma pwani, juu zaidi ya kilomita 12 kuna mkondo wa kasi utokao upande wa India kuelekea magharibi, ukipita juu ya Afrika Mashariki. Mkazi wa Chekalini anaweza kuuona kwa macho. Wingu la radi la alasiri likifika juu kabisa hutanuka na kuwa bapa kama fuawe la mhunzi, na bapa hilo hurefuka kufuata upepo wa huko juu, hata kama upepo wa shambani unavuma kinyume. Bapa hilo pia huacha mvuke mwingi juu, ambao setilaiti huufuatilia saa nyingi baada ya mvua kukatika.

Basi nawaomba walimu, watangazaji na maafisa wa kilimo: unyevu ubaki wa nafaka na udongo, unyevuanga uwe wa hewa, na kila unapotajwa tuelezwe pia ni wa tabaka gani. Vivyo hivyo kwa pepo: tuseme pepo za juu, na tutaje kimo. Utabiri uliotaja unyevuanga bila tabaka haumsaidii mkulima kuamua kama aanike mahindi leo au asubiri.