Kizazi, Pepo na Hukumu: Mwili wa Mwanamke katika Tamthilia ya Kiingereza na katika Kilumi cha Ukambani

Mnamo mwaka 1602, jijini London, msichana wa miaka 14 aitwaye Mary Glover alianza kuzibwa koo, kukakamaa mwili na kupotewa na sauti baada ya kugombana na kikongwe Elizabeth Jackson. Kikongwe alishtakiwa kwa uchawi. Daktari Edward Jorden alitoa ushahidi kwamba maradhi yale yalikuwa ya asili. Jaji Edmund Anderson hakumsadiki, na Jackson akatiwa hatiani. Mwaka uliofuata Jorden alichapisha kijitabu akieleza kwamba dalili za namna hiyo hutokana na kizazi kinachopanda na kubana pumzi. Wapuritani waliofunga na kumwombea msichana walishikilia kwamba ni pepo. Mwili mmoja ukawa na wasomaji watatu, kila mmoja na maslahi yake.

Tamthilia za zama hizo zilizaliwa katika mabishano hayo. Shakespeare alipoandika King Lear, takriban 1605 hadi 1606, alichota majina ya mashetani kutoka kitabu cha Samuel Harsnett cha 1603 kilichowashutumu makasisi wapunga pepo. Lear mwenyewe, mwanamume na mfalme, analalamika kwamba ugonjwa wa kizazi unampanda moyoni. Wahakiki wengine huipita kauli hiyo kama tamathali tu. Hilo ni kosa: mfalme aliyepokonywa mamlaka anajitambua kwa maradhi ya wanawake.

The Changeling ya Middleton na Rowley (1622) inakwenda mbali zaidi. Bwana harusi anaweka dawa ya kupimia ubikira, ambayo humfanya bikira apige miayo, apige chafya, kisha acheke. Beatrice-Joanna anaigundua siri hiyo, anamjaribia mtumishi wake, kisha anaziigiza dalili. Watazamaji walikuwa hawajasahau kesi ya Frances Howard ya 1613, aliyekaguliwa na wanawake huku uso wake umefunikwa. Na aliyeigiza Beatrice-Joanna alikuwa mvulana. Mwili uliobishaniwa haukuwapo jukwaani.

Nadharia iliyotawala ilikuwa ya Galeni: damu, belghamu, nyongo ya njano na nyongo nyeusi, mwanamke akihesabiwa kuwa baridi na majimaji. Gail Kern Paster (1993) ameonyesha jinsi jukwaa lilivyomchora kama chombo kinachovuja. Msomaji wa Kiswahili si mgeni hapa, kwani tiba hiyo ilipitia kwa Ibn Sina na kutuachia maneno belghamu na safura. Kwa hiyo mke wa Macbeth anapotaka maziwa yake yageuke nyongo, msomaji wa Makbeth ya S. S. Mushi (1968) anakutana na fiziolojia iliyokwisha kuacha alama katika lugha yake.

Lakini kwa Mutomo, kusini mwa Kitui, ulinganisho wenye manufaa zaidi ni kilumi. Katika ngoma hii ya Wakamba wanawake ndio wachezaji wakuu, na mwanamke aliyepandwa na pepo huchezewa hadi pepo ajitaje. Gerhard Lindblom, aliyeishi Ukambani katika miaka ya 1911 na 1912, aliandika habari za mapepo ya kigeni, ya Kimasai na hata ya Kizungu, yaliyodai nguo na vitu vingine kupitia vinywa vya wanawake. Tofauti na London inaonekana mara moja. Kizazi cha Jorden kinasababisha, lakini hakisemi. Pepo wa kilumi anasema, na jamaa wanapaswa kulipa. Mke asiyeweza kumdai mumewe nguo mpya anaipata kwa sauti ya mwingine. Huu nao ni uigizaji, ila hadhira yake ina deni.

Tamaduni haziachwi zisomwe na wenyewe tu. Ukambani ulipotikiswa na vuguvugu la kupagawa mwaka 1911, maafisa wa kikoloni waliliita wazimu, na kwa neno hilo malalamiko dhidi ya serikali yakawa ugonjwa. Katika miaka ya 1960 masista Wakatoliki kutoka Ireland walianzisha hospitali Mutomo, na mwili wa mwanamke ukapata msomaji mwingine, mwenye vipimo na kadi ya mgonjwa.

Mhakiki anayekiita kilumi histeria anatumia neno litokanalo na jina la Kigiriki la kizazi, yaani utambuzi uleule wa Jorden. Utambuzi huo haukumwokoa Elizabeth Jackson: alihukumiwa kifungo cha mwaka mmoja na kusimamishwa hadharani katika mti wa aibu.